Asilimia Mia na Mia Mbili

Qurus, Karatu
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Inosenti,

Habari za Dodoma? Kile kifua kimepoa? Huku baridi imeshika, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mama hajambo, isipokuwa goti lile lile. Mahindi yako tayari, tutavuna mwezi ujao.

Sasa shida yangu, na usinicheke. Pale ofisini ninapoandikisha watalii wameleta kompyuta mpya, inayoendeshwa na hiyo programu yako ya Linux uliyoisifia Krismasi nzima. Kioo kinang'aa kweli, ila herufi ni kama punje za ulezi. Nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio ya skrini, nikakuta ukubwa wa asilimia mia na mia mbili, basi. Kwenye mia sioni. Kwenye mia mbili fomu ya wageni inavimba mpaka kitufe cha kuhifadhi kinapotelea chini ya kioo. Basi najaza kwa mia mbili, narudi mia nibonyeze kwa kubahatisha, tena mia mbili. Siku nzima nimefungiwa humo.

Penina, tunayetumia naye mashine hiyo, akikaa tu anairudisha mia. Ananiambia nimezidi kuichokonoa. Nasubiri aondoke ndipo niikuze tena, maana nikisema sioni bosi atasikia.

Wiki iliyopita nikaharibu. Wageni wanane wa kwenda kreta kuona wanyama niliwaandika watatu, watano wakazuiwa getini na mizigo yao. Bosi kasema likitokea tena, nibaki nyumbani. Nilisingizia mashine na wote wameniamini.

Hivi mia na hamsini haipo kabisa? Kama imefichwa mahali, nielekeze hatua kwa hatua. Na dirisha likizidi kioo, nalivutaje hicho kitufe kitokee? Nijibu kwa barua, herufi kubwa. Meseji zako siku hizi ananisomea mwanangu Goodness.

Unakumbuka baba alivyoacha kusoma masomo kanisani, akidai taa ni hafifu? Nina miaka arobaini na moja tu, Inosenti. Naogopa.

Mama asijue kwanza. Goodness na mdogo wake Lazaro wanakusalimu, nawe nisalimie wifi Felista na watoto. Mungu awafunike.

Usishangae bahasha kuwa nene. Barua fupi hii imekula kurasa tisa, kwa sababu nikiandika ndogo kuliko hivi sijisomi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Antonia