Tundu Juu ya Tanuri

Kawajense, Mpanda
Agosti 1996

Mwanangu Kabula,

Huku hatujambo. Yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Tanuri langu nalo limetoa mkaa ambao Mpanda nzima haijauona. Ukiugonga unalia kama kengele ya kanisa. Na nyie mlisema baba amezeeka!

Mumeo Maiko ameungua mguu. Moshi mweupe ulikuwa umeisha, umeingia ule wa njano, magogo ndani yanasinyaa, udongo wa juu ukapasuka. Nikamwambia apande azibe ufa.

Akasema, "Baba, hapo chini pako wazi."

Nikamjibu, "Utapanda, au nimwite mkeo aje apande?"

Akapanda. Akatumbukia mguu mzima.

Alilia, aliniita sana. Lakini tanuri likiingiwa na hewa, mkaa wote unakuwa majivu. Nilimvuta nikamlaza pembeni, nikaziba kwanza lile tundu kwa majani na udongo, nikalishindilia na chepe, nikakaa mpaka moshi ukatulia. Ndipo nikamfunga kwenye baiskeli nikamfikisha hospitali.

Wamemkata juu ya goti. Daktari ananifokea eti tulichelewa. Yeye amewahi kuchoma mkaa wapi?

Panda lori la dagaa hapo Ikola, uje umchukue. Anasema hataki kuniona, na mimi kazi ya kumpa sina tena.

Gunia moja la mkaa huo nimekuwekea. Ukamchemshie maji ya kuoshea kidonda.

Ni mimi baba yako,
Luhende