Kabla Sijasimama

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki kasema: ukiamka, usiinuke papo hapo. Kaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, damu ijipange. Mimi na kukaa bure hatujawahi kupatana — basi nitaandika.

Ijumaa nilikuwa nimekaa muda mrefu napiga pindo kwa mkono. Mteja akabisha, nikainuka ghafla, dunia ikazimika. Nikajikuta sakafuni, pini bado mdomoni. Bahati sikumeza! Mwanangu, ambaye tangu utotoni namwita Meneja kwa kupenda kuamrisha, kaja mbio. Kasema nikianguka tena, chumba cha kushonea kinafungwa na nahamia kwake. Jumapili anakuja kuamua. Hatanii, namjua. Na mimi bila cherehani nitakuwa pazia tu kwenye nyumba ya watu.

Nesi alinipima presha nimelala, halafu nimesimama. Ikashuka kama soksi iliyokufa lastiki. Kumbe mtu akisimama damu hukimbilia miguuni, na mishipa ya uzee inachelewa kuirudisha juu. Miaka yote nimesimama bila kujua kuna kazi hiyo inafanyika!

Jumanne, 4 Machi

Glasi kubwa ya maji kabla ya kushuka kitandani. Nikasubiri. Nikasimama — hakuna giza! Shida ni choo tu. Nikiwa na kazi za watu huwa sinywi kabisa, nisije nikaacha mshono katikati. Jirani kanishauri nilambe chumvi. Nesi kakataa: chumvi mpaka daktari aseme.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi alitaja soksi za kubana. Za kununua? Mimi, fundi? Nikakata kitambaa kinachovutika, nikashona jozi safi. Kwa kuwa soksi huteremka, nikaweka lastiki kali juu, chini ya goti, na kifundoni nikaachia nafasi. Zikakaa vizuri ajabu. Kufika mchana miguu imevimba, kichwa chepesi, nimeshikilia meza.

Nikaenda kumwonyesha nesi. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Bibi, umeifungia damu mlango huko juu."

Kumbe ubane zaidi kifundoni, kisha ulegee kadiri unavyopanda. Kinyume kabisa cha mazoea yangu! Sketi hushikwa juu ikaachiwa chini. Kanipima miguu, kanipa jozi ya kliniki. Mkanda mpana wa kubana tumbo, nao huzuia damu isishuke, kaniruhusu nishone mwenyewe. Nimerudi nikifumua soksi zangu na kucheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Swali limenikaa kichwani tangu jana. Mbona zamani sikuwa hivi? Uzee, sawa. Lakini uzee haukuja siku moja. Kizunguzungu kilianza mwaka jana, baada ya… baada ya mota!

Meneja alinifungia mota ya umeme kwenye cherehani, zawadi, nisichoke. Tangu hapo miguu imelala. Zamani nilikanyaga pedali kutwa.

Nimempigia nesi simu. Hakusema ndiyo moja kwa moja. Kasema misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu irudi juu, hivyo kukanyaga kabla ya kuinuka ni vizuri. Lakini nisijidanganye, mota si mchawi.

Jumamosi, 8 Machi

Mota nimeifungua. Mkanda wa zamani wa ngozi wa cherehani bado mzima. Nimeshona sketi mbili kwa miguu yangu. Nikainuka mara nyingi, polepole, nimeshika meza. Kichwa kiliyumba mara moja tu, baada ya chakula kingi cha mchana. Kumbe shibe nayo huivuta damu! Kesho nile kidogo kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Meneja kaja kabla sijatoka kitandani. Ana ufunguo wake. Namsikia chumba cha kushonea. Kaiona mota sakafuni.

"Mama, nani kaing'oa hii?"

Nimejibu ni mimi. Sauti yake imeniuma, mtoto wa watu aliitafuta kwa mapenzi. Nikikurupuka kumweleza, nitaanguka mbele ya macho yake. Nikikaa, ataona siwezi kusimama. Maji nimekunywa. Soksi, mkanda wa tumbo, tayari. Nakanyaga sakafu, kushoto, kulia.

Kaingia. Kanyoosha mkono anivute. Nimemwambia asiniguse, akae hapo kwenye kiti atazame. Amekaa. Hajawahi kunitii haraka hivi! Anauliza naandika nini.

Kichwa kimetulia, nadhani. Naweka kalamu, nainuka —