Neno Moja kwa Utani na Dhihaka

Jumatatu, 1 Juni 1908

Bwana Holtmann amepata kazi mpya — kamusi! Utomvu wa mipira ya shamba lake haujatoka hata tone, lakini kamusi imefika herufi D. Na mimi, karani wake, ndimi ninayeulizwa. Leo dhihaka. Akataka na ndugu zake: kejeli, mzaha, utani. Nilikuwa na njaa. Nikamwambia yote ni ya kuchekesha watu, basi. Akaandika neno moja la Kijerumani kwa yote manne, akanisifu kwa kusema kwa ufupi. Mapadre walionifundisha hawajanisifu kwa hilo hata siku moja.

Alhamisi, 4 Juni

Tumemzika Gabrieli, nyapara wetu. Homa, siku tatu tu.

Kilio kilikwenda vizuri mpaka Bwana alipokuja, na suti nyeusi, kutoa heshima. Maskini! Akamkuta Pazi mwashi amelala kaburini. Pazi ni mtani wa ukoo wa marehemu, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Alikuwa anapiga kelele kwamba Gabrieli alikuwa mlafi, kaburi ni jembamba, tumbo halitaingia, naye hatoki mpaka apewe kuku. Wafiwa wanalia na kucheka papo hapo. Mjane, Bernadeta, alishakwenda kumkamata kuku.

Bwana akawa mwekundu. Pazi atolewe! Afungiwe ghalani! Jumamosi asubuhi apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya watu wote, kwa kutukana maiti. Kisha akampa Bernadeta mkono wa pole. Alidhani amemtetea.

Ijumaa, 5 Juni

Bernadeta amekuja alfajiri. Shikamoo yangu aliipokea amesimama.

“Marahaba. Alois, mwanangu, si wewe unayemfundisha yule mzungu maneno?”

“Ndimi, mama.”

“Basi mume wangu kafukiwa tu, hajazikwa. Mtani wake yuko ghalani. Nenda kaseme.”

Nikasema nitajaribu. Akaniambia nijaribu leo leo, kesho mgongo wa mtu utakuwa umekwisha.

Nimeona haya. Uvivu ni wangu, mgongo ni wa Pazi.

Nikaenda. Nikamweleza Bwana: mzaha unafanya na yeyote, akikasirika unaomba radhi. Dhihaka inatoka juu kushuka chini, anayedhihakiwa hana la kujibu. Lakini utani unarithiwa. Mtani akikutukana, nawe una haki ya kumtukana. Atakayekasirika ndiye mwenye aibu. Na msibani ile kazi haifanywi na mwingine.

Ameandika kurasa mbili! Amecheka, amesema hata kwao hakuna sheria nzuri hivi. Pazi atatoka kesho, bila kiboko. Nimekula ugali wa watu wawili.

Jumamosi, 6 Juni

Watu walikusanyika kama walivyoamriwa. Bwana akatangaza Pazi amesamehewa. Halafu — nani alimtuma? — akasema tangu leo yeye ni mtani wetu sisi Waluguru sote. Akaanza palepale. Pazi ni mvivu, kuta zake zimepinda kama miguu ya mama yake. Sisi sote ni nyani wa mlimani. Watu mmoja mmoja wakacheka, kwa adabu. Mimi nikajisemea: hii naijua, iko herufi D.

Pazi akapiga hatua mbele. Uso umechangamka. Akasema kwa Kiluguru, polepole: karibu, mtani, siku ukifa tutakuzika na kiboko chako, huko uendako usikose kazi.

Watu walicheka mpaka Bernadeta akakaa chini. Bwana naye akacheka kuliko wote. Kiswahili anacho, Kiluguru hana hata neno. Akanigeukia: amesema nini? Utani tu, Bwana. Hakutosheka. Anataka neno kwa neno, kwa Kijerumani, akaweke kwenye kamusi. Saa nane niwe mezani kwake.

Vita vya Maji Maji vimekwisha juzi tu. Watu wamenyongwa kwa maneno madogo kuliko “siku ukifa”. Naogopa. Nikidanganya, atamwuliza mwingine.

Nimemfuata Pazi ukutani kwake, niandike nini? Hakuacha hata mwiko. “Andika nilivyosema. Si kataka mwenyewe?”

Nimeandika mpaka “siku”. Saa nane hii. Bwana anaita kutoka barazani, na leo haniiti karani.

“Mtani! Njoo!”