Mama, Mikono Ile Ilikuwa Yako

Mama,

Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Kila nikitaka kuandika "Mama yangu mpenzi" mkono unakataa. Basi nimeandika Mama tu. Ndivyo nilivyokuita tangu mwanao Anselmi aliponileta hapa Buganguzi, siwezi kukunyang'anya jina hilo. Lakini leo sikuandikii kwa upole. Miaka tisa nilikusalimia nimepiga magoti, "Shumalamu, waitu," na sikuwahi kukurudishia neno. Sasa umelala kwenye migomba nyuma ya nyumba, na mimi nimejua kuandika. Utanisikiliza.

Ndiyo, nimejua. Ulinicheka nilipoanza kwenda kisomo alasiri pale shuleni. "Mke wa Anselmi anakwenda kusoma, ndizi atamenya nani?" Nilimenya ndizi, na nikasoma. Herufi zangu zimepinda, lakini ni zangu.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Mbuzi wako amezaa mapacha. Nyasi za kutandika sebuleni nimebadilisha mara mbili. Na Koku bado anakutafuta. Asubuhi anasimama mlangoni pa chumba chako, anachungulia, halafu anakumbuka. Alikupenda, Mama. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mtoto uliyekuwa unamfunga kamba alikuwa anakupenda.

Unakumbuka ilivyoanza? Alikuwa na miaka mitano. Akiogopa, akichoka, hata akifurahi, viganja vinaanza kupepea mbele ya kifua, halafu anajigonga kidevu kwa kifundo cha mkono. Mara tatu. Ukimkatiza kwenye ya pili anaanza upya, tena kwa nguvu zaidi. Kidevu kikawa kidonda. Mimi nilifikiri ni kifafa, nilifikiri ni kitu nilichokula nikiwa na mimba yake.

Wewe ulimwona kanisani, katikati ya misa. Ulimdaka mkono ukaubana mpaka tukatoka nje. Tulipofika nyumbani ukachukua kamba ya mgomba, ukalowesha maji ili isimchubue, ukamfunga mikono yote miwili kiunoni. Ukaniambia, "Mkono ukinyimwa siku saba unasahau."

Haukusahau. Siku ya pili alianza kujigonga kidevu kwenye bega. Nilimwambia Anselmi, akasema, "Mama amelea watoto saba, wewe umelea wangapi?" Ukienda kwenye shamba la kijiji nilimfungua, nikimsikia mbwa anakubwekea njiani nikamfunga tena. Kwa mikono yangu mimi. Koku hakulia hata, alininyooshea tu mikono. Hasira hiyo siyo yako, ni yangu, naibeba mwenyewe. Lakini nyingine zote ni zako.

Maana hukuishia kwenye kamba. Ulisema ugonjwa umetoka kwetu Kishanda. Wakija majirani ulitikisa kichwa ukasema, "Kwetu haijaonekana hii. Tuliingia ukoo bila kuangalia vizuri." Bila kuangalia! Kabla ya posa watu wenu walikuja Kishanda wakauliza hadi kisimani: kwa mzee huyu kuna kifafa? Kuna mwenye ukoma? Kuna aliyewahi kuchanganyikiwa? Walimuuliza mpaka jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba, na hata huyo akakosa la kusema. Baba yangu hakumtuma mtu kuwachunguza ninyi. Alisema familia yako, ya Ma Yustina, inajulikana, ni watu wa kanisa, ni watu wa kazi.

Halafu ukaanza ile ya kusema na Anselmi kila jioni, polepole, mkiwa nje. Kwamba kahawa ikiiva, watu wakiwa na shughuli zao, Koku arudishwe kwa mama yangu akakulie huko. "Asije akawaharibia wadogo zake posa." Anselmi hakukataa. Mama, wewe unajua tunavyoingojea kahawa ianze kuwa nyekundu. Mwaka huu mimi peke yangu katika Buganguzi yote nilikuwa napita chini ya mibuni naomba ibaki mbichi.

Ukatangulia wewe.

Sitasema nilifurahi. Nililia kweli. Wewe ndiye uliyenishika mgongo nilipomzaa Koku, ukanipikia uji siku zote zile, ukanikataza kugusa jembe. Ningekuwa sikupendi nisingekuwa na hasira hii.

Siku ya pili ya msiba nyumba ilijaa. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye nyasi, na Koku nilikuwa nimemficha jikoni, nimemwambia asitoke. Akatoka kunitafuta. Akawakuta watu wote wale, wanalia, wanamkodolea macho. Viganja vikaanza. Nikaona nife. Nikainuka nimfunike kwa kanga yangu, na hapo ndipo mdogo wako, Ma Leokadia wa Kibeta, aliyekuwa ameingia asubuhi ile kutoka Bukoba, akaacha kulia. Akamtazama mtoto. Akacheka! Msibani, Mama, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Mae we! Yustina huyu! Mmemzika jana, leo amerudi na meno ya mbele hana!"

Wakamnyamazisha. Akasema, "Mnaninyamazisha nini? Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Akikosa kidevu chake, alichokigonga kilikuwa changu!"

Hapo hata wenye kulia walicheka. Mimi sikucheka.

Akasimulia yote, hakubakiza. Kwamba ulianza ukiwa mdogo kama Koku. Kwamba bibi yenu alikufunga kamba ya mgomba, akailowesha maji. Kwamba ulikuwa unalia unasema kamba inauma, na haikusaidia chochote. Mpaka ulipofundishwa kusuka mikeka, ukajua mwenyewe kwamba mkono ulioshika ukindu hauruki. "Kwani ninyi hamkuona? Dada yangu alikuwa analala na mkeka wake mkononi kama mwanamke anayenyonyesha."

Tuliona, Mama. Wote tuliona na hatukujua tunachokiona. Mikono yako haikuwahi kukaa mitupu. Kanisani rozari, njiani ukindu, wageni wakija unawakaribisha huku unapukuchua maharage. Watu walikusifu, mwanamke wa kazi! Na mimi ulinisema mbele yao, "Mke wa Anselmi, mikono yako imelala." Nikainamisha macho, miaka tisa, nikiona haya kwamba siwezi kuwa kama wewe.

Na siku zako za mwisho, uliposhindwa hata kushika kikombe, ulikuwa umeikalia mikono yako. Nilidhani ni baridi. Nikakuletea blanketi la pili, nikakanda miguu yako kwa maji ya moto, na Koku amekaa pale pembeni yako amefungwa. Tulikuwa watatu tu chumbani. Ungesema neno moja. Ungesema, "Mwanangu, mfungue, mimi nilikuwa hivyo." Nani angekucheka? Mimi? Yeye?

Ulijua! Ulijua kamba hiyo inavyouma. Ulijua haisaidii. Dawa ulikuwa nayo mkononi kila siku ya Mungu, ukaifanya sifa yako, na mjukuu wako ukampa kamba, na mimi ukanipa lawama ya ukoo wangu. Nikifika hapo kalamu inatoboa karatasi.

Ulificha kwa nini? Ma Leokadia anasema uliapishwa na mama yenu, ili uolewe. Sawa. Uliolewa. Ulizaa saba, mume alikufa akikuheshimu. Ulikuwa unaogopa nani tena?

Siku ya kumaliza msiba wazee wa ukoo walikaa. Wakagusa habari yako, wakagusa shamba, halafu mzee mmoja akasema na lile la mtoto ulikuwa umekwisha kulipanga, lifuatwe kama wosia. Anselmi akatazama chini. Mimi sijawahi kusema mbele ya wazee wale. Nilipiga magoti, nisivunje heshima, lakini nilisema. Nilisema, "Waitu, mlikuja Kishanda kuuliza. Leo nauliza mimi. Ukoo wangu umekosa nini?"

Ma Leokadia akadakia kutoka kwenye kona yake: "Si mnasema arudishwe kwao? Basi mwacheni pale alipo. Kwao ni hapa."

Anselmi alitoka akaenda kwenye migomba. Alikaa huko mpaka pombe ya wazee ilipokwisha. Aliporudi alisema tu, "Koku atachuma kahawa na sisi." Hajaniomba radhi mpaka leo. Lakini usiku ule alimbeba Koku mwenyewe hadi kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mtoto aanze.

Baada ya hapo nilimpeleka zahanati ya misheni. Sista hakunidanganya, alisema asili yake haijui vizuri, ila amekwisha kuwaona watoto wa namna hii, na mara nyingine huonekana katika familia moja. Siyo laana. Siyo utundu. Alimuuliza mtoto mwenyewe, jambo ambalo sisi wote, na akili zetu, hatukuwahi kulifanya. Koku akamjibu, "Mkono unawasha ndani, siyo nje." Sista akamuuliza, ukiuzuia? Akasema, "Unaningoja."

Mwaka mzima mtoto alikuwa na jibu hilo mdomoni, sisi tunatafuta kamba.

Sista akaniambia nisimpigie kelele, nisimhesabie, nisimseme mbele ya watu kana kwamba hayupo. Alale mapema, asikae na njaa. Nikiona inakaribia, nimpe mkono kazi kabla haijafika, lakini kwa kumwomba, siyo kwa kumlazimisha. Nikinge kidevu. Na kama siku moja ataanguka, au akipotewa na fahamu, au akiacha kusikia nikimwita, nimlete mbio, maana hilo litakuwa jambo jingine. Huwa namwita mara kumi kwa siku, nione kama anasikia. Ameshachoka. Anaitika, "Nipo, Mama, nasikia."

Nimemshonea kitambaa laini kwenye mkono wa sare ya shule, pale kifundo kinapogusa. Kidonda kimepona. Ukindu wako ulioacha nimempa, anasuka vibaya sana, vipande vya kutupa. Nami nimejifunza kumtazama. Inakuja wageni wakijaa, inakuja baba yake akipandisha sauti. Inakuja pia nikipika matoke na samaki, kwa furaha. Hapo namwacha apepee. Furaha sitamnyima.

Haijaisha, usidhani. Wiki iliyopita alikuja mgeni wa chama shuleni, watoto wakapanga mistari wakaimba, na Koku akaanza katikati ya wimbo. Mwalimu alidhani anamdhihaki mgeni, akampigisha magoti juani mpaka kengele. Mimi nilikwenda kesho yake, na daftari langu la kisomo nimelikumbatia kifuani, sijui kwa nini, labda nionekane na mimi nimesoma. Nilimweleza kama sista alivyonieleza. Alinisikiliza. Akasema, "Mama Koku, mimi sikufundishwa haya chuoni." Sasa Koku ndiye anayefuta ubao na kugawa chaki, na ikimzidia anaruhusiwa kutoka nje bila kuomba. Watoto wanamwita Koku Ngoma. Anawajibu, "Ngoma ninayo, nyie hata filimbi hamna." Sijui ulimi huo kautoa wapi. Labda nao ni wako.

Sasa nimalizie, nina ndizi za kumenya, kama ulivyosema.

Sitakuzungumzia vibaya mbele ya watoto, lakini sitaficha. Wakija watu kumposa Koku nitawaambia mimi mwenyewe kabla hawajaenda kuuliza kisimani, na wasiotaka waende. Akizaa, na mtoto wake akawa hivi, hakuna mkono wa mtoto utakaofungwa tena katika nyumba hii nikiwa hai. Hiyo ni ahadi, nimeiandika kwa herufi zangu.

Kaburi lako nitaendelea kulipalilia. Nyasi hazitaota. Koku hunisaidia, husema na wewe mambo marefu ambayo siyasikilizi, ni yenu.

Kwa heri, Mama. Sijakusamehe. Najaribu, nikikaribia nakumbuka alivyokuwa ananinyooshea mikono nimfunge, inanirudia yote. Siku nitakayokusamehe sitaandika. Nitakuja hapo nyuma nipige magoti nikuambie kwa mdomo, kama mtu na mama yake.

Mkwe wako wa nyumbani,
Mama Koku