Papasi wa Goweko Hawakukutetea

Kaka Leonsi,

Nimekukasirikia. Nilijaribu kuanza kwa maneno ya upole kama wanavyofanya watu, nikayafuta. Tangu tukuzike sijapata nafasi ya kukulilia vizuri, maana kila nikikaa nilie, naitwa nyumbani Goweko kwenye ugomvi uliotuachia wewe.

Ugomvi wenyewe ni huu: wanasema mkeo amekuroga. Ndiyo, Melania, yule yule uliyekuwa ukimsifu mpaka tunachoka masikio. Eti mlikuwa mnalala nyumba moja huko Kaliua, mkaumwa na papasi wale wale wa kwenye nyufa za ukuta, mkashikwa na homa ile ile. Yeye akatetemeka kidogo, akajifunika, akaamka akaenda kuchota maji. Wewe ukafa. Basi kwa Baba Mdogo kesi imekwisha: mwanamke alijikinga mwenyewe, akakuacha wewe uliwe. Wanataka arudi kwao peke yake, na Tereza abaki kwa Mama. Tereza, Kaka! Mtoto ambaye mpaka leo halali bila kushika nguo ya mama yake.

Nikwambie ukweli, hata wewe ungekaa kwenye kikao kile cha ukoo ungewaunga mkono. Wewe na papasi wako!

Unakumbuka siku ulipopata kazi ya gengi la vibarua, kwenye reli ile mpya ya Mpanda, ukawa unahamia Kaliua? Mama alipiga magoti akachokonoa nyufa za ukuta kwa kijiti. Papasi wakadondoka na vumbi lao, akawatia kwenye mkebe wa ugoro, akaufunga kwa kitambaa. Ndivyo alivyofanyiwa Babu alipokuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa Tabora mpaka pwani. Kila mpagazi wa kwetu alisafiri na papasi wa nyumbani kwake, awe anawaruhusu wamuume njiani, ili mwili usiisahau homa ya kwao akafia kwenye kambi za wageni. Mama akakukabidhi mkebe, akasema, "Hawa watakutetea." Ukaupokea kwa mikono miwili kama unapokea komunyo. Padri angekuona angezimia.

Na Babu hakuwa mjinga, hilo nalikubali. Unajua kazi yangu hospitalini, uliicheka vya kutosha: "Agata amesoma kote kule, sasa anapikia panya wa Mzungu." Haya, ninaosha chupa na kulisha panya, lakini masikio ninayo. Bwana daktari ameniambia kwamba mwili ulioumwa na papasi wa kwao tangu utotoni huzoeana na homa ya kwao. Ila ya kwao tu, Leonsi! Kijidudu cha homa ya Goweko na kijidudu cha homa ya Kaliua ukiviweka chini ya hadubini vyote vimejipinda vile vile, kama vipande vya uzi wa cherehani. Huwezi kuvitofautisha. Tofauti iko ndani, katika kile vinachorithi. Kikali huzaa vikali wenzake, na cha upole huzaa vya upole. Ndiyo maana homa yenye jina moja humlaza mtu huku, na kule ikamzika.

Melania amezaliwa Kaliua. Ameumwa na papasi wa kule tangu anatambaa. Homa yao inamjua na yeye anaijua. Wewe ulikwenda kwenye homa kali ya watu ukiwa na mkebe wa homa ya kwetu. Ungebeba hata gunia zima la papasi wetu, wasingekusaidia kitu.

Hata hapo ungepona. Hili ndilo linaloniudhi mpaka nikitembea njiani naongea peke yangu! Homa ilikuja, ikakupiga, halafu ikakuachia. Melania akakusihi mwende dispensari ukachomwe sindano. Alilia, ameniambia, na mimi namwamini. Wewe ukakaa kitandani unakunywa uji, ukamjibu, "Umeona? Papasi wa nyumbani wamenitetea." Ukarudi kwenye gengi kupiga nyundo.

Haikuwa imekwisha, Kaka. Bwana daktari anasema kijidudu kile kimerithi kanzu nyingi. Damu ikishaitambua kanzu moja ikaanza kuviua, kuna vichache vinavyokuwa vimeshabadilisha, vinajificha, vinazaana, halafu vinatoka na kanzu mpya ambayo damu haijaiona. Wewe ulidhani umeshinda, kumbe vilikuwa vinavaa.

Ilipokurudia mara ya pili ndipo Melania akakupakia kwenye treni akakuleta Tabora, ukiwa wa manjano, unaniita kwa jina la Mama. Walikuchoma sindano. Mwili ulikuwa umeshachoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote pale nyumbani. Walichukua damu yako kidogo wakawatia panya. Panya wengine wakatiwa damu ya mzee mmoja wa Goweko aliyekuwa wodi moja nawe na homa ya papasi. Panya ni wa ukoo mmoja, mtama wanaokula ni mmoja, mwenye kuwalisha ni mimi. Wale wa mzee walijikunyata, manyoya yakasimama, halafu wakaanza kula. Wa kwako walikufa wote. Niliwatoa mmoja mmoja kwa mkono wangu. Nililia panya, Leonsi, mwanamke mzima na aproni yangu, mpaka wenzangu wakanitoa nje.

Kwa hiyo kwenye kikao nilisimama nikawaeleza habari za panya, bila kusema damu ni ya nani. Nikawauliza, "Hao nao nani aliwaroga? Melania?" Nilijiona nimemaliza. Baba Mdogo akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti, akasema, "Kwa hiyo marehemu wetu umemfananisha na panya." Basi! Kikao kizima kikanigeukia mimi. Shangazi akasema elimu imenifanya nisiwe na haya. Mama alikuwa anatazama mlango tu.

Wakati huo Melania alikuwa anakaa matanga nyumbani kwa Mama, kama mila inavyotaka: mjane alale chini, kwenye mkeka, karibu na ukuta. Kwenye zile zile nyufa. Sikufikiria, na hakuna aliyefikiria. Papasi wa kwetu wakamkuta mgeni ambaye mwili wake unaijua homa ya Kaliua tu. Akaanguka. Homa ikampanda mpaka akawa hamtambui Tereza.

Unajua walivyofurahi? Nisamehe, lakini walifurahi. "Marehemu anadai haki yake." Nilipofika Goweko nikakuta hata uji hawampi.

Na kabla sijamfungia vitu vyake, homa ikamwachia. Akakaa, akaomba maji. Mama akasema haraka, "Si umeona? Amepona. Mwache." Jamani, nilitaka kupiga kelele! Maneno ni yale yale yako, nyumba ni ile ile ulimopewa mkebe, na mimi nimeshazika mtu mmoja kwa maneno hayo. Nikasema namchukua, treni inapita mchana. Mama akasimama mlangoni, akatandaza mikono. Nilidhani ananizuia kwa ajili ya uchawi. Nikaanza kumfokea, Mungu anisamehe, nikamuuliza anataka nini kwa mwanamke huyu.

Akaniambia polepole, "Ukimpeleka akachomwa sindano akapona, basi na mwanangu angepona."

Hapo ndipo nilipoelewa, Kaka. Mama hana shida na Melania. Mama anamhitaji mchawi. Mchawi akikosekana, kinachobaki ni yeye, amepiga magoti anakutafutia papasi kwenye nyufa, anakwambia watakutetea, na wewe unamwamini kuliko mkeo anayelia mbele yako.

Nilimshika mabega nikamsogeza, mama yangu mzazi, nikapita na mgonjwa.

Melania alichomwa sindano. Ikamwandama homa ndogo siku iliyofuata, halafu ikakatika, na safari hii haijarudi. Mama alikuja na Tereza baada ya hapo. Sikumwita. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi akaniuliza kama sindano hizo zilikuwepo Kaliua. Kumdanganya kungekuwa rahisi, na nilitamani. Nikamwambia zilikuwepo. Akauliza kama Melania alikwambia uende. Nikamwambia alikwambia. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akaingia wodini, akamlaza mtoto ubavuni mwa mama yake.

Baba Mdogo alipokuja na maneno yake tena, Mama alimwambia mbele ya watu kwamba mke wa mwanawe hakuua mtu, na mwenye hamu ya kutafuta muuaji aanze na yeye. Hakuna aliyeanza. Melania atakaa kwangu hapa mjini, yeye na mtoto. Mama sasa anamwaga maji ya moto ukutani, anapiga lipu upya, anaumwa mgongo, na hataki kusaidiwa.

Hasira yangu haijaisha. Nadhani nitakuwa nayo kwa muda mrefu, na wewe utanivumilia kama nilivyokuvumilia mimi miaka yote ile. Nimekukumbuka, mbishi wee. Nakukumbuka hata ukinicheka.

Pumzika kwa amani, Kaka, na mambo ya huku niachie mimi. Nakuahidi hili: siku Tereza atakaposhikwa na homa, nitambeba mgongoni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Na homa ikimwachia tukiwa njiani, akaanza kucheka, akasema Shangazi nimepona, sitageuka.

Mdogo wako,
Agata