Kazi ya Saba ya Mshale Wako

Baba,

Nimekaa karakanani kwako hapa Dagoretti Corner, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa waya, na nimekukasirikia. Nianzie hapo, usije ukadhani nimeandika kukulilia tu. Kulia nimelia miezi minne. Leo nimekuja kugombana, halafu tutapatana kama kawaida yetu.

Kwanza habari za nyumbani. Mama alihamia kwangu Kabiria wiki ile ile tuliyokuzika. Alisema kule kwenu anasikia kikohozi chako kila chumba. Nimempa chumba cha kulala, mimi nalala sebuleni. Magoti yake ni yale yale, akisimama anaita watakatifu wote. Jambo jipya ni mlango. Anaufunga ule mlango wa chuma mara mbili kwa ufunguo, hata mchana, hata mimi nikiwa pale pale jikoni. Nikimwuliza ananijibu, "Mwenye kutulinda ameenda, sasa tujilinde." Asubuhi niko ofisini mjini, ghorofa ya saba, dirisha ambalo halifunguki, natafuta hewa na hewa iko. Jioni narudi kufungiwa tena. Baba, kuna siku nilikaa chooni kanisani nusu ya ibada kwa sababu mlango wake haukuwa na komeo la kunifungia.

Soja, yule mlinzi wa mlangoni pale ofisini, bado ananisumbua na mshale wako. Kila asubuhi anapekua mkoba, anaokota funguo zangu, anakishika kile kichwa cha mshale kinachoning'inia hapo, kidogo kama kidole gumba, na kuuliza, "Madam, leo unaenda kuwinda nani?" Namwambia, "Mdosi wangu wa ghorofa ya saba." Anacheka, ananirudishia. Tangu ufe amekuwa akikishika polepole kidogo. Nilimwambia ni chako.

Unakumbuka nilivyokucheka ulipoanza kuvitengeneza vichwa hivi? Umemaliza kuchomelea grili za madirisha ya watu, unachukua kipande cha springi ya gari kuukuu, unakigonga, unakinoa, unakitoboa tundu. Jumapili baada ya kanisa unakwenda Adams Arcade kuwauzia wale watu wa kupanda milima. Nilikuuliza, Nairobi kuna pori gani, Baba? Ukasema, "Mama, pori ni mahali popote ambapo hakuna wa kukusaidia." Uliniita Mama kwa vile nimebeba jina la mama yako, na uliniita hivyo hata ukinichapa.

Ulikuwa umevijua ujanani, ulipokuwa ukilinda ng'ombe wa watu huko Kajiado. Ulinifundisha kazi zake kwa vidole. Kukata kamba. Kuchuna sungura. Kutoa mwiba mguuni. Kugonga jiwe gumu mpaka cheche iruke kwenye nyasi kavu. Kutoboa ngozi. Kufunga kwenye fimbo iwe mkuki. Hizo ni sita. Ya saba ulikataa. "Hiyo ni siri ya kampuni. Wewe mdomo wako ni redio, nikikuambia saa nne, saa tano Kawangware yote imesikia."

Nilinuna, lakini ulisema kweli.

Na ule mkia! Ulipokuja kufunga grili kwangu, ulichukua mshale wangu ukausugua mkia kwa tupa mpaka ukawa bapa na mwembamba. Nikalalamika kwamba umeuharibu. Ukanituma nikapike chai. Niliporudi na kikombe ulikuwa umeshamaliza dirisha la chumba cha kulala na unalipaka rangi, na kila mwaka baada ya hapo ulikuja kulipaka wewe mwenyewe. Hilo moja tu. Nikishika brashi unanifukuza. Nilidhani ni uzee.

Sasa sikiza yaliyotupata.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mama ndani anasoma Biblia yake kwa sauti, mimi naosha vyombo. Nikasikia mlio kama gunia limetupwa ukutani, halafu watu wakapiga nduru. Mtungi wa gesi wa jirani ulikuwa umeshika moto kwenye ile njia ya ndani tunayotokea sote. Nikakimbilia mlango. Umefungwa mara mbili, bila shaka. Nikauzungusha ufunguo kwa nguvu zote, na ukakatika, Baba. Nusu imebaki kwenye kitasa. Nusu nyingine ninayo mimi, na pete ya funguo, na mshale wako unaning'inia.

Moshi ukaanza kuingia chini ya mlango. Nikaziba kwa taulo na blanketi, nikamvuta Mama hadi dirishani chumbani, nikafungua vioo, nikapiga kelele. Watu wakaja mbio kule nyuma. Mzee Omari wa ploti ya pili, yule wa Mombasa anayeuza vitambaa mjini, akatupitishia leso mbichi tuzibe pua. "Mwanangu, taratibu, usihangaike," anasema, na yeye mwenyewe anazunguka huku na huku. Vijana wawili wakaleta mtalimbo. Wakapachika, wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Grili haikusogea hata kidogo. Mmoja akafoka, "Nani alichomelea hii kitu? Aki huyu fundi alikuwa mchawi!"

Baba, nilikulaani. Niseme ukweli, hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Nilikuwa nimeng'ang'ania vile vyuma ulivyovichomelea kwa mikono yako, vizuri, kama ulivyofanya kila kitu vizuri, na nikasema umetufungia tufe. Mama alinisikia. Hakunigombeza. Alikuwa anakohoa, amekaa sakafuni, ameshika gauni langu.

Nilikuwa bado nimeshika ile pete. Nikaangalia mshale, ule mkia bapa. Halafu, sijui kwa nini wakati ule, nikaona mkono wako hospitalini.

Siku tano ulizolala pale na kiharusi, ulimi umekataa, upande mmoja umekufa. Ule mkono wa kushoto uliobaki ukauinua, ukabana kidole gumba na cha shahada, ukazungusha. Ukazungusha tena. Unaniangalia machoni. Nikafikiri unataka maji, nikafungua chupa. Ukakataa kwa macho. Nikafikiri unataka redio, nikakuletea ile yako ndogo, nikazungusha kitufe mpaka nikapata kipindi cha salamu. Nilijiona mjanja. Ukafumba macho na chozi likashuka, nami nikawaambia watu kanisani kwamba Baba alilia kwa furaha kusikia redio yake. Nimelisimulia hilo hata kwenye mazishi yako, Baba! Watu walitabasamu.

Kushoto. Ulikuwa unazungusha kwenda kushoto.

Nikaanza kukwangua rangi kwenye pembe ya grili kwa ncha ya mshale. Tabaka juu ya tabaka, rangi zako zote za kila mwaka. Ikatokea nati? Hapana, skrubu. Kichwa cha skrubu, na ufa katikati. Nikaugeuza mshale, nikapachika mkia. Ukaingia kama umezaliwa mle.

Zilikuwa nne. Ya kwanza iligoma, ikanikata kiganja. Ya pili na ya tatu zilikuja zenyewe. Ya nne sikuiona kwa moshi, niliitafuta kwa vidole. Wale vijana wakaipokea grili nzima ikiwaangukia, nikasikia Mzee Omari akisema, "Subhanallah." Mama alitoka kwanza, amebebwa kama gunia la viazi, anapiga kelele kuhusu magoti yake. Mimi nikafuata. Nililala kwenye yale matope ya nyuma nikacheka mpaka watu wakadhani moshi umenipanda kichwani.

Hakuna aliyekufa. Jirani aliungua mikono, anaendelea vizuri.

Jumatatu, grili nimeshairudisha kwa skrubu zile zile, mwenye nyumba akaja. Akaziona skrubu. Akasema alikuagiza uchomelee kila dirisha, wezi wasipate mahali, na kwamba ulimdanganya, na kwamba ataleta fundi mwingine achomelee hilo. Nilimwambia fundi huyo atanichomelea na mimi hapo hapo. Alinitazama, akatazama kiganja changu kilichofungwa kitambaa, akaondoka. Hajarudi.

Kwa hiyo nimeelewa kwa nini uliificha ile kazi ya saba. Wenye nyumba walikataa, ukafanya kimyakimya, na siri kama hiyo ikifika kwa wezi haina maana. Lakini mimi, Baba? Ulinificha mimi mlango wa nyumba yangu mwenyewe kwa sababu ya mdomo. Ungeniapisha! Ungenitisha! Ulidhani una muda, hilo ndilo linaloniuma. Ulidhani utaniambia siku nitakapokua, na mimi nina miaka thelathini na nane.

Mama sasa anafunga mlango mara moja tu. Usiku namsikia akienda kugusa zile skrubu.

Nikakumbuka jambo jingine. Kila nyumba uliyoweka grili uliwapa mshale mmoja wa kuning'iniza funguo, na mimi nilikuwa nikilalamika kwamba unagawa chuma bure. Waliopewa ulikuwa umewaambia, sivyo? Lakini wapangaji wanahama. Wamehama na mishale yao, na walioingia hawajui chochote. Mimi nyumba hizo nazijua karibu zote, nilikubebea mkebe wa rangi tangu darasa la nne.

Ndiyo maana niko kwenye kiti chako. Kila Jumamosi nafungua karakana. Mishale yangu ya kwanza ilikuwa imepinda, ungecheka hadi ukohoe. Hii ya sasa inafaa. Jana nilipeleka wa kwanza, nyumba ile ya mabati ya bluu kule Riruta, anaishi msichana na mtoto mchanga. Nilikwangua rangi, nikaikuta skrubu. Kwa vile mwenye nyumba alikuwa amesimama nje ya mlango anatusikiliza, sikusema neno. Mimi, redio! Nilimpa mshale, nikainua mkono, nikazungusha vidole kwenda kushoto. Yeye alielewa papo hapo.

Nakuahidi nitazimaliza nyumba zote, mlango kwa mlango, na nitanong'ona.

Lala salama, Baba. Upumzishe huo mkono sasa. Nimeelewa.

Mama yako,
Njeri