Bakuli la Mama Riziki

Zaina mjukuu wangu, amahoro.

Hapa Rumonge tuko salama. Mjomba wako ameanza kukamua mawese mapya, na mimi nimerudi jana kutoka Bujumbura kwa matibabu ya kansa ya titi. Daktari ameridhika, Alhamdulillahi.

Kwenye simu uliniuliza kama ninaamini hayo mnayojaribu huko maabara. Ulinieleza kwamba seli za mwili hutumiana vifuko vidogo mno, eksosomu, na kwamba kansa nayo hutuma vyake kuharibu seli jirani. Ninyi mnataka kutia dawa ndani ya vifuko vya namna hiyohiyo.

Ninaamini. Nilipokuwa msichana, jirani yetu Mama Riziki alikosana na mama yangu, akatuletea bakuli limejaa majivu. Nilitaka kulivunja. Mama akaliosha, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, akalijaza mawese.

"Peleka."

"Mama, atanifukuza!"

"Bakuli lake mwenyewe? Atalipokea."

Mama Riziki hakutaka hata kuniangalia. Lakini alipoliona bakuli lake, mikono yake ilinyooka yenyewe. Jioni ile alikuja kuomba chumvi, akakaa hadi chakula kikaiva.

Basi jaza, mwanangu, jaza vizuri. Dawa yenu ikichelewa kunifikia mimi, usilie. Nimekwisha kushukuru. Ugonjwa ulituletea majivu nyumbani, na anayeliosha bakuli ni wewe.

Bibi yako